Jua Peke Yake Halikaushi

Watu wengi hudhani ya kuwa maji hayageuki mvuke ila yachemkapo juu ya moto. Dhana hii si sahihi. Nguo iliyoanikwa kivulini hukauka, wala haikukaribia moto. Basi maji yake yamekwenda wapi?

Maji ni chembe ndogo mno zisizotulia. Zilizo juu zikipata nguvu ya kutosha hujinasua na kuruka hewani. Huo ndio mvuke, nao hauonekani kwa jicho. Lile wingu jeupe litokalo buliani ni vitone vya maji yaliyokwisha poa. Na mvuke uondokapo huchukua joto. Ndiyo sababu maji ya mtungi huwa baridi.

Mambo manne huharakisha kazi hii: joto, litialo chembe nguvu, upepo, uondoao mvuke uliokusanyika, ukavu wa hewa, kwani hewa iliyoshiba hurudisha kadiri ile ile ipokeayo, na upana wa pahala maji yalipotandaa.

Atakaye kuyaona yote haya na atazame kando ya Ziwa Victoria, katika Homa Bay na Migori, penye miji ya wavuvi kama Mbita na Muhuru. Huko omena, yaani dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa, na asubuhi wanawake huwanunua na kuwaanika. Wakirundikwa chini, walio juu hukauka na walio chini hubaki na maji yao. Wakitandazwa tabaka moja juu ya chanja, hewa hupita juu na chini, na jua likiwa kali siku moja yatosha. Ama wakati wa mvua, hewa imeshiba na mawingu yameziba jua. Maji hayaondoki, dagaa huoza, na mtaji wa mama wa watu umepotea.

Ziwa lenyewe nalo halikosi kukauka. Mto utokao humo ni mmoja tu, Nile, pale Jinja. Lakini maji yapandayo hewani ni mengi kuliko yachukuliwayo na mto huo. Lisingesalimika, lau si mvua inyeshayo juu yake, iletayo sehemu kubwa ya maji yake.

Basi aanikaye dagaa, nazi au mpunga asitegemee jua peke yake. Na atandaze kwa wembamba, ainue kutoka chini, na aupe upepo njia.