Serikali Inapofunga Intaneti: Somo kutoka Kongo

Jumapili ya tarehe 31 Desemba 2017, waamini wa Kinshasa walitoka kwenye Misa na rozari mikononi. Kamati ya Uratibu ya Walei iliwaalika waandamane kwa amani, ili mapatano yaliyosimamiwa na Maaskofu mwaka mmoja kabla yaheshimiwe. Serikali ilikuwa imekwisha kuziagiza kampuni za simu zikate intaneti na ujumbe mfupi. Mabomu ya machozi yalirushwa hata makanisani, na watu waliuawa.

Je, intaneti hufungwaje? Njia kuu ni tatu.

1. Kuzuia tovuti. Kila tovuti ina jina na namba yake. Kampuni ya mtandao ikiamriwa isilitambue jina hilo, au isipitishe chochote kwenda kwenye namba hiyo, ukurasa haufunguki. China hufanya hivyo kila siku.

2. Kupunguza kasi. Mtandao unaonekana upo, lakini picha na video hazipiti.

3. Kuzima kabisa. Ndivyo ilivyofanya Misri Januari 2011, na Kongo tena baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, kwa siku zipatazo 20.

Amri hizi hutekelezwa kwa sababu kampuni hufanya kazi kwa leseni ya serikali. Ikikataa, huenda ikaipoteza.

Baada ya uchaguzi huo, serikali ilisema inazuia matokeo ya uongo yasisambae. Hoja hii tusiipuuze: Kanisa linakiri kwamba mamlaka ina wajibu wa kulinda manufaa ya wote. Ukurasa unaochochea mauaji waweza kuzuiwa kwa haki. Lakini Papa Yohane XXIII, katika Waraka wa Pacem in Terris (1963), anataja haki ya kila mtu kupata habari za kweli juu ya mambo ya umma. Anayezima mtandao wote humnyamazisha mchochezi pamoja na shahidi. Uongo hubaki ukitembea mdomo kwa mdomo, na ukweli hukosa njia ya kuusahihisha.

Nasi tuna wajibu. Kila tunaposambaza uvumi tusiouhakiki, tunampa mwenye kufunga kisingizio.

Maswali ya kutafakari
1. Ni wakati gani kizuizi cha mtandao huwa cha haki?
2. Mtandao ukikatwa leo, parokia yetu itawafikishiaje waamini habari za kweli?
3. Mara ya mwisho nilisambaza nini bila kuhakiki?