Paka wa depo: tumutengenezee choo

Koperative nyingi zinafuga paka ku depo kwa sababu ya panya. Ni vizuri. Lakini paka akifungiwa usiku kucha bila choo, anachimba mu mahindi ao mu maharagwe. Magunia yanaharibika, mununuzi anayakatala.

Tena kuko hatari ingine. Mavi ya paka inaweza kubeba kidudu kinachoitwa toksoplasma. Kwa mama mwenye mimba, kinaweza kutosha mimba ao kuumiza macho na ubongo wa mutoto.

Tufanye hivi:

1. Tutafute beseni ya zamani ao sanduku ya mbao, urefu karibu sentimeta 50, ukingo mufupi ili paka aingie bila shida.

2. Tutie mchanga mukavu, sentimeta 5 mpaka 7.

3. Tuiweke pembeni, pahali patulivu, mbali na magunia na sahani yake. Paka wawili, sanduku mbili ao tatu.

4. Kila siku tutoe mavi. Kidudu kinahitaji siku 1 mpaka 5 inje mbele ya kuweza kuambukiza. Ndiyo maana hatungoje juma nzima.

5. Tuizike mu shimo, mbali na kisima na shamba ya mboga. Hii si mbolea!

Mama mwenye mimba asifanye kazi hii. Mwenye kuifanya anawe mikono na sabuni.

Ku mukutano unaokuja, tuchague nani atasimamia sanduku. Kazi ya watu wote, mara nyingi hakuna anayeifanya.