Undugu wa Lugha za Kipapua

Lugha za Kipapua, zipatazo 800, husemwa katika kisiwa cha Guinea Mpya na visiwa vya jirani. Jina hilo halina maana ya ukoo mmoja. Lugha ya eneo hilo huitwa ya Kipapua kwa kuwa tu haimo katika ukoo wa Kiaustronesia, ulioenea toka Madagaska hadi Hawaii.

Je, lugha hizo zina koo ngapi? Mwaka 1971 Mmarekani Joseph Greenberg alidai kwamba karibu zote ni za ukoo mmoja, pamoja na lugha za visiwa vya Andaman na Tasmania. Mwaka 1975 Stephen Wurm, aliyefanya kazi Australia, alizigawa pamoja na wenzake katika makundi makubwa machache na lugha kadhaa pweke. Lakini kitabu kilichohaririwa na Bill Palmer mwaka 2018 kilitaja koo 43 na lugha pweke 37. Tofauti hiyo yatokana na swali moja: ni ushahidi gani uthibitishao undugu?

Sababu tatu za kufanana

Lugha hufanana kwa asili moja, kwa kuazimana, au kwa sadfa. Kiswahili kimeazima sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, ilhali mbili, tatu na nne ni za Kibantu. Atazamaye zile za kuazimwa peke yake atakosea nasaba yake. Kwa hiyo mtaalamu hutafuta ulinganifu wa kanuni, yaani sauti fulani ya lugha moja ilingane na sauti fulani ya lugha nyingine katika maneno mengi ya msingi.

Lugha nyingi za Kipapua zimeandikwa maneno machache mno kwa kazi hiyo. Ndiyo maana mwaka 2005 Malcolm Ross alitegemea viwakilishi kama “mimi” na “wewe”, ambavyo huazimwa kwa nadra. Hata hivyo, viwakilishi ni vifupi, na sadfa huweza kuvifananisha. Hivyo makundi yake bado yahitaji ushahidi zaidi.

Funzo la Santa Cruz

Lugha za visiwa vya Reef na Santa Cruz, katika nchi ya Visiwa vya Solomon, zina vitenzi vyenye viambishi vingi. Wurm aliziweka katika kundi la Kipapua, akaona maneno yake ya Kiaustronesia kuwa ya kuazimwa. Kama ingekuwa hivyo, wasemaji wa Kipapua wangekuwa wamevuka bahari pana hadi huko. Lakini mwaka 2007 Ross na Åshild Næss walionyesha ulinganifu wa kanuni uliofichwa na mabadiliko makubwa ya sauti. Maneno hayo ni ya urithi, na lugha zenyewe ni za Kiaustronesia.

Kwa hiyo kosa katika nasaba ya lugha huweza kuzaa kosa katika historia ya watu. Lugha nyingi za Kipapua zina wasemaji wachache. Wazee wakifariki kabla maneno yao hayajaandikwa, mgogoro wa nasaba yake hautapata mwamuzi tena.