Unataka Kurusha Dash 8 ya Kamembe? Vidokezo vya Kutafuta Chuo

Dash 8-Q400 ya RwandAir ikitua Kamembe, hukosi kijana wa Rusizi anayeitazama huku akijiona yuko kwenye kiti cha rubani. Wapo ambao tayari wana leseni ya urubani wa biashara na wamebakiza idhini ya aina ya ndege, yaani mafunzo ya ndege moja mahususi. Bila idhini hiyo, hakuna shirika litakalokukabidhi abiria sabini na kitu. Mafunzo yenyewe ni ya wiki chache, lakini ada yake hutikisa ukoo mzima. Kabla shamba halijauzwa, someni haya pamoja na wazazi.

1. Tafuta ajira kwanza, chuo baadaye

Hiki ndicho kidokezo kikubwa kuliko vyote. Idhini ya Q400 haikuruhusu kurusha Boeing, wala ya Boeing haikuruhusu kurusha ATR. Angalia basi nani anarusha nini katika ukanda wetu: Q400 zinarushwa na RwandAir, Air Tanzania, Jambojet na Ethiopian; Precision Air wanatumia ATR; Uganda Airlines wana CRJ-900. Tena De Havilland Canada walisimamisha utengenezaji wa Q400 mwaka 2021, kwa hiyo nafasi nyingi zitatokana na ndege ambazo tayari ziko angani.

Yapo mashirika yanayomwajiri rubani kwanza, yakamlipia mafunzo, naye akasaini mkataba wa kuyatumikia miaka kadhaa. Esther Mbabazi, mwanamke wa kwanza Mnyarwanda kuwa rubani wa ndege za abiria, alianzia chuo cha Soroti nchini Uganda, kisha RwandAir wakamdhamini kumalizia masomo Marekani. Kwa mtoto wa familia ya kawaida, sioni njia bora kuliko hiyo. Ukijilipia bila barua ya ajira mkononi, kumbuka kwamba idhini hii kwa kawaida huhuishwa kila mwaka kwa mtihani. Mwaka ukiisha hujapata kazi, unarudi kulipia upya simuleta, yaani mtambo wa kuigiza urukaji.

2. Waulize RCAA kabla hujawauliza wauza kozi

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Rwanda, RCAA, ndiyo itakayoandika idhini kwenye leseni yako. Nchi za Afrika Mashariki zinaoanisha kanuni kupitia wakala wa CASSOA ulioko Entebbe, lakini leseni bado hutolewa na kila nchi. Waandikie, uwatajie jina la chuo, nchi yake na aina ya ndege, kisha uulize: cheti chao mtakipokea? Jibu liwe la maandishi. La simu halitoshi.

3. Jua simuleta iko wapi na ni ya nani

Kuna kampuni zenye tovuti nzuri ambazo hazimiliki hata kiti kimoja cha simuleta. Zinakodi saa kwa wengine na kukuongezea bei. Si kosa, ila ni haki yako kujua. Jirani zetu wa Addis Ababa, kwenye chuo cha Ethiopian, wana simuleta ya Q400. Dubai kuna Emirates-CAE kwa wanaotafuta Boeing au Airbus.

Uliza kama ni simuleta kamili ya daraja D, ile inayosimama juu ya miguu sita na kuyumba kama ndege yenyewe. Humo ndimo utakamozimiwa injini moja wakati magurudumu ndiyo kwanza yanaachana na lami. Pua inavutwa upande wa injini iliyokufa, mguu wako unakandamiza pedali ya upande wa pili, na mwenzako anasoma vipimo kwa sauti. Zoezi hilo hurudiwa mpaka mguu utangulie mawazo. Chuo kinachobana saa za simuleta kinakunyima jambo hilohilo ulilolifuata.

4. Bei iliyotangazwa ichambue

Ada ya mtahini imo? Na saa za ziada ukifeli zoezi? Malazi? Je, kuruka na kutua kwa ndege halisi, ambako rubani mpya mara nyingi hutakiwa kukufanya baada ya simuleta, kumo? Hapo ndipo ofa ya bei nafuu hugeuka ghali. Lipa kwa awamu, kwenye akaunti ya chuo chenyewe, na soma kifungu cha kurudishiwa fedha kabla ya kusaini.

5. Uliza utakaa na nani

Ndege hizi hurushwa na watu wawili, na kipindi cha simuleta kwa kawaida ni cha saa nne: nusu unaendesha wewe, nusu unamsaidia mwenzako. Mwenzako akikosekana, chuo kitaleta mtu wa kujaza kiti, na huenda ukamlipia wewe. Mkiwa wawili mnaofahamiana, ombeni kupangwa pamoja.

6. Nyaraka zisipitwe na wakati

Cheti cha afya daraja la kwanza, kiwango cha Kiingereza kisichopungua daraja la 4 la ICAO, idhini ya kuruka kwa vyombo, cheti cha mafunzo ya kushirikiana na rubani mwenza. Kimoja kikiisha muda katikati ya kozi, unaweza kusimamishwa huku hoteli inaendelea kudai.

Basi ile barua ya RCAA iandike wiki hii, na usimtumie mtu yeyote hata faranga moja kabla hujajibiwa.