Mwasho wa Morfini Si Mzio

Mama aliyejifungua kwa upasuaji, akachomwa morfini pamoja na dawa ya ganzi kwenye uti wa mgongo, huweza kuanza kujikuna pua na uso saa chache baadaye. Maumivu yametulia, ila mwasho unamnyima usingizi. Hapo ni rahisi muuguzi kuandika: "Ana mzio wa morfini." Maneno hayo hudumu katika faili kwa miaka, na mama huyo akija kuugua saratani huenda akanyimwa dawa aliyoihitaji kuliko zote.

Morfini huamsha mwasho huo kupitia vipokezi vya neva vya aina ileile inayotuliza maumivu. Kwa hiyo klorofeniramini, ambayo hutolewa kwa mazoea, husaidia kidogo, na pengine ni kwa kumsinzisha mgonjwa tu. Naloksoni kwa dozi ndogo, chini ya uangalizi wa daktari, hufaa zaidi.

Mzio wa kweli una sura nyingine: midomo au ulimi kuvimba, pumzi kubana, shinikizo la damu kushuka. Dawa husimamishwa mara moja. Pasipo dalili hizo, faili liandikwe "mwasho". Naye anayetumia morfini ya maji nyumbani asiiache ghafla kwa sababu ya kujikuna. Aieleze kliniki, ili dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe.