Watoto Wasiolia

Katika nchi ya Romania, iliyo mashariki ya Ulaya, palikuwa na mtawala jina lake Nicolae Ceaușescu. Mwaka 1966 alitoa amri kali ili watu wazae sana, kwa kuwa alitaka taifa lake liwe kubwa. Lakini wazazi wengi walikuwa maskini, na walioshindwa kuwalisha watoto waliwaacha katika makao ya serikali. Alipopinduliwa mwezi wa Desemba 1989, watoto zaidi ya 100,000 walikuwa humo.

Wageni walioingia katika makao hayo walishangazwa na kimya. Vyumba vilijaa vitanda vya watoto wachanga, wala hakuna aliyelia. Si kwamba walikuwa na raha. Mtoto hulia ili aitikiwe. Nao walikuwa wamelia siku nyingi pasipo mtu kuja, maana mlezi mmoja aliangalia watoto kumi na zaidi, hata wakaacha. Wengine walijisukasuka mbele na nyuma mchana kutwa, kama wajibembelezao wenyewe. Wengine walimkimbilia mgeni ye yote, wakamshika mkono, tayari kufuatana naye. Asiyejua angesema kuwa ni wachangamfu. Kumbe mtoto aliyelelewa vema humwonea mgeni haya kwanza, akajificha nyuma ya mamaye.

Baadaye, mwaka 2000, wataalamu kutoka Marekani walianza kazi Bucharest, mji mkuu. Walichagua watoto 136, wote chini ya miaka mitatu. Kura ikapigwa: nusu wakapelekwa kwa walezi majumbani, nusu wakabaki. Jambo hili laonekana gumu. Lakini walezi wa namna hiyo walikuwa haba sana mjini, na aliyebaki hakuzuiwa kuondoka akipatiwa nyumba.

Waliopata walezi walianza kusema, kucheka, na kumtambua mtu mmoja kuwa ndiye wao. Walioondolewa kabla ya kutimiza miaka miwili walipata nafuu zaidi. Hata hivyo si yote yaliyopona. Miaka ilipopita, katika mafungu yote mawili walionekana watoto wengi kuliko kawaida walioshindwa kutulia, mawazo yao yakirukaruka; na mwalimu asiyejua habari zao angeweza kuwadhani wakaidi.

Sheria ya Romania ya mwaka 2004 ilikataza kumweka makaoni mtoto asiyetimiza miaka miwili, ila mwenye ulemavu mkubwa.