Chanjo ya Kurudia ya Korona: Kwa Nini Huyu Anachanjwa na Yule Anaacha?

Na Mganga Msaidizi wa Vijijini

Somo letu la leo linahusu chanjo ya kurudia ya ugonjwa wa UVIKO-19, ambao wengi wetu tunauita korona. Chanjo ya kurudia ni ile anayopewa mtu ambaye amekwisha kuchanjwa zamani. Wengine huiita dozi ya nyongeza.

Katika kazi yangu ya zahanati nimeona kuwa watu wazima hawafanani juu ya jambo hili. Yuko anayekuja mwenyewe bila kuitwa. Yuko ambaye akiona tu kisanduku cha kubebea chanjo, anapita njia nyingine. Watu husema kuwa wa kwanza ni mwelevu na wa pili ni mjinga. Mimi sikubaliani na maneno hayo. Nimewasikiliza wote wawili, na kila mmoja ana sababu zake. Baadhi ya sababu ni za kweli. Baadhi ni uvumi. Na baadhi ni za kweli kwa mtu mmoja, lakini si za kweli kwa jirani yake. Hizo za mwisho ndizo zinazonisumbua zaidi.

TUKUMBUKE KWANZA

Mgonjwa wa kwanza wa korona katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020. Mwezi Januari 2021 uongozi wa nchi ulikuwa bado unazitilia shaka chanjo za korona zilizotoka nje. Kisha tarehe 24 Julai, 2021 zikafika dozi zaidi ya milioni 1 za chanjo iitwayo Janssen. Tarehe 28 Julai, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa Dar es Salaam mbele ya wananchi. Baadaye zikaja chanjo nyingine, kama vile Sinopharm, Pfizer na Moderna.

Hebu hesabu miezi. Kutoka Januari hadi Julai ni miezi 6 tu. Mtu aliyesikia maneno mawili yasiyopatana katika miezi 6, kisha akasita, huyo si mjinga. Anataka kueleweshwa.

Kuna jambo la pili. Janssen ilipoletwa, wananchi walielezwa kuwa ni sindano moja, basi. Wengi waliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Lakini mwishoni mwa mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba waliochanjwa Janssen wapewe dozi ya pili. Mwanakijiji akauliza, "Mlisema moja, sasa mnasema mbili. Kesho mtasema ngapi?"

Swali hilo ni zuri. Jibu lake ni kwamba wataalamu waliendelea kuchunguza, wakaona kuwa kinga hupungua. Tena virusi navyo vilibadilika. Mwezi Novemba 2021 kilitangazwa kirusi cha korona cha aina mpya, kiitwacho Omicron. Hicho kilienea upesi kuliko wenzake waliotangulia. Lakini aliyepita vijijini na kipaza sauti kutangaza sindano moja hakurudi na kipaza sauti kueleza kilichobadilika. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tulipowapoteza watu wengi, kuliko kwa uvumi.

SUNGUSUNGU NA MWIZI

Sasa tuone kwa nini kinga hupungua. Fikiri juu ya sungusungu wa kijiji. Chanjo ni kama kuwaonyesha sungusungu sura ya mwizi kabla hajaja. Akija wanamtambua, wanapiga filimbi, wanamkamata. Lakini usiku mwingi ukipita bila mwizi, baadhi yao hulala. Wanaobaki macho ni wachache. Tena mwizi huyu ana hila. Hubadili shati na kofia, mlinzi akadhani ni mpita njia.

Kwa hiyo mtu aliyechanjwa zamani anaweza kuugua korona. Wengi wameniambia, "Nilichanjwa na bado nikaugua, kwa hiyo chanjo ni bure." Si bure. Mwizi aliingia uani, lakini hakufika chumbani. Sungusungu wa zamani humtambua kwa mwendo wake, hata kama amebadili shati. Kinga dhidi ya mafua na kikohozi huisha upesi. Kinga dhidi ya kulazwa na kufa hukaa muda mrefu zaidi. Chanjo ya kurudia kazi yake ni kuwaamsha walinzi waliolala.

Jambo hili si geni kwetu. Mfugaji wa kuku anajua kuwa chanjo ya kideri hutolewa tone 1 katika jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Akina mama wanajua kuwa sindano ya pepopunda si moja. Kwa upande mwingine, chanjo ya homa ya manjano dozi moja inatosha kwa maisha yote. Kila ugonjwa una tabia yake, na chanjo yake hufuata tabia hiyo.

BIBI NA MJUKUU WAKE WA MJINI

Bibi mmoja wa hapa kwetu ana umri wa zaidi ya miaka 70, na ana kisukari. Alichanjwa mara moja mwaka 2021. Mwaka 2023, alipokuja kupimwa sukari, nilimshauri arudie chanjo.

"Mjukuu wangu," alinijibu, "huo ugonjwa ulikwisha. Hata barakoa mmeziacha ninyi wenyewe."

"Ni kweli bibi, barakoa tumeziacha. Lakini ugonjwa haukwisha. Umepungua makali."

"Kama umepungua, sindano ya nini? Mjukuu wangu wa mjini, wa rika lako, ameambiwa huko kuwa hana haja ya kurudia tena."

"Ameambiwa kweli, bibi."

Bibi akacheka. "Basi na mimi sina haja."

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye fundo. Bibi na mjukuu wake walisikia tangazo moja. Lakini hawana mwili mmoja.

Tarehe 5 Mei, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa korona si hali ya dharura tena duniani. Watu wengi walisikia kuwa ugonjwa umekwisha. Maana yake haikuwa hiyo. Watu wengi wamekwisha kupata kinga, ama kwa kuchanjwa, ama kwa kuugua, ama kwa yote mawili. Ndiyo sababu wengi wakiugua sasa hupata mafua na homa tu. Lakini kirusi bado kipo, na kinawachagua watu.

Mwezi Machi 2023 Shirika hilo liliwagawa watu katika makundi. Kijana mzima mwenye afya, ambaye amekwisha kuchanjwa na kupata dozi moja ya kurudia, hakushauriwa kuendelea kurudia mara kwa mara. Faida yake kwake ni ndogo. Lakini wapo walioshauriwa kurudia baada ya miezi 6 hadi 12 tangu dozi ya mwisho, kulingana na hali zao. Hao ni wazee, watu wazima wenye magonjwa kama kisukari na ugonjwa wa moyo, watu ambao kinga ya mwili wao imedhoofika, wakiwemo wanaoishi na virusi vya UKIMWI, akina mama wajawazito, na sisi watumishi wa afya tunaokaa na wagonjwa kutwa.

Hata nchi tajiri zimefanya hivyo. Uingereza huchanja watu kila mwaka kabla ya baridi kali kuanza, kwa sababu wakati wa baridi watu hujifungia ndani pamoja na maradhi huenea. Mwaka 2022 waliitwa wote wenye miaka 50 na zaidi. Mwaka 2025 waliitwa wenye miaka 75 na zaidi, wazee wanaoishi katika nyumba za kutunzia wazee, na watu wenye kinga dhaifu. Mtu wa miaka 55 mwenye afya hakuitwa. Hakuna aliyemwita mjinga.

Kwa hiyo ukiniuliza, "Mganga, chanjo ya kurudia ni nzuri au mbaya?" nitakuuliza kwanza: Una miaka mingapi? Una ugonjwa gani? Ulichanjwa lini mara ya mwisho?

SABABU ILIYOKUWA NYUMA YA SABABU

Nirudi kwa yule bibi. Tulipozungumza zaidi, aliniambia jambo ambalo hakulisema mwanzo. Sindano ya kwanza ilimtia homa siku 2. Siku hizo hakuwa na mtu wa kumtekea maji wala kumpikia uji. Hiyo ndiyo sababu yake ya kweli. Ile ya barakoa ilikuwa ya mdomoni tu.

Nimejifunza kuwa wengi ni hivyo. Mkulima anasema "sitaki dawa za Wazungu," kumbe palizi imepamba moto na hawezi kupoteza siku 2 akiwa na mkono unaouma. Tulipanga na bibi achanjwe siku ambayo binti yake angekuwepo nyumbani. Alikuja, akachanjwa, akapata homa ya usiku mmoja.

Maumivu ya mkono, uchovu na homa kidogo ni mambo ya kawaida baada ya chanjo hii. Huisha kwa siku 1 au 2. Dawa ya paracetamol husaidia.

Kuna wengine waliokuja lakini wakarudishwa. Chupa moja ya Janssen ilikuwa na dozi 5, na ikifunguliwa haikai mpaka kesho. Mtu alitembea mwendo mrefu, akaambiwa asubiri wafike wenzake 4, na hawakufika. Mtu huyo akiacha moja kwa moja, tumhesabu kuwa amekataa? Mimi namhesabu kuwa sisi ndio tuliomkosa. Dawa yake ni watu kupatana na kuja pamoja siku moja, wakitoa habari kwanza.

UVUMI, NA YALIYO KWELI

Ulienea uvumi kuwa aliyechanjwa hatazaa, au atakufa baada ya miaka 2. Waliochanjwa mwaka 2021 wapo katika kila kijiji, na miaka hiyo imepita. Wanawake waliochanjwa wamezaa, nami baadhi yao nawapimia watoto uzito kila mwezi. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi haukuona kuwa chanjo hizi zinazuia uzazi.

Lakini si vema kuwaficha watu madhara ya kweli, kwani wakiyasikia pengine hawatatuamini tena. Chanjo ya Janssen ilionekana kuleta damu kuganda kwa watu wachache sana. Huko Marekani walihesabiwa kama 3 katika kila dozi milioni 1, na baadhi yao walikufa. Kwa ajili hiyo mwezi Mei 2022 Marekani ilipunguza matumizi yake. Chanjo za Pfizer na Moderna ziliwaletea vijana wachache, hasa wa kiume, uvimbe wa misuli ya moyo. Kwa mzee mwenye kisukari, hatari ya korona yenyewe ni kubwa kuliko hizo. Kwa kijana mwenye afya aliyekwisha kuchanjwa, faida ya kurudia ni ndogo, na ndiyo maana hasukumwi.

WANAOKUJA WENYEWE

Nao wana sababu. Wapo waliomzika mtu mwaka 2021 na hawataki kuona tena mgonjwa akitafutiwa mtungi wa oksijeni. Wapo waliotakiwa cheti cha safari. Mahujaji wa mwaka 2022, kwa mfano, hawakuruhusiwa kuingia Saudi Arabia bila kuchanjwa. Wengi huja kwa sababu mtu wanayemwamini alichanjwa kwanza, awe mke, sheikh, mchungaji au mwalimu wa kisomo. Ni wachache sana waliokuja kwa sababu ya bango lililo ukutani kwetu.

Ukija, leta kadi yako ya chanjo. Kama imepotea, sema ulichanjwa mwaka gani na wapi. Eleza kama una mimba, kama unatumia dawa yo yote kila siku, na kama chanjo iliwahi kukuvimbisha uso. Baada ya sindano kaa palepale dakika 15. Ukienda nyumbani kisha ukaumwa kifua, ukashindwa kuhema vizuri, mguu ukavimba, au kichwa kikauma sana bila kupoa, rudi upesi. Na kama chanjo haipo siku hiyo, usiondoke kimya. Liandikishe jina lako.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kaya yako, ni nani aliye katika makundi yaliyotajwa? Alichanjwa lini mara ya mwisho?
2. Je, kuna mtu kijijini aliyetaka kuchanjwa akarudishwa? Nani atalipeleka jambo hilo kwenye kamati ya afya?
3. Mzee akipata homa baada ya chanjo, nani atamtekea maji?